Siki ya Wifi

Nitaanza na siki, kwa sababu wifi yangu angependa nianze na kitu kingine chochote.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye kiti kimoja, mbele ya dirisha la chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia mama, nimeinama. Fundi anakula ameinama, anapokea simu ameinama, na tonge la mwisho halijafika tumboni keshakanyaga pedali. Haishangazi basi kwamba mwaka juzi nilianza kupata kiungulia. Mwanzoni kilikuwa cha mchezo, kinapanda kifuani baada ya chai na kushuka chenyewe. Halafu kikahamia kabisa. Nikimeza mate, moto. Nikicheka, moto. Nikiinama kutunga uzi kwenye sindano, maji machungu yananijia mpaka ulimini.

Nikajaribu kila nilichoambiwa. Maziwa baridi yalinituliza nusu saa, kisha moto ukarudi na hasira zake. Magadi ya kuumulia mikate yalinifanya nibeue mbele ya wateja mpaka nikaona haya. Maji ya viazi vibichi sitaki hata kuyakumbuka. Tangawizi ilinikesha.

Ndipo akaja wifi, mke wa kaka yangu. Mtaa mzima unamwita Mama Tiba. Hakusomea udaktari wala uuguzi, alikuwa karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi mpaka alipochoka akaacha. Lakini ana dawa ya kila kitu: miguu inayowaka, mtoto asiyelala, mume asiyetulia. Na ana sauti. Akisema jambo, unaona aibu kumuuliza amelijuaje.

"Tumbo lako limeishiwa asidi, wifi yangu," akaniambia, amekaa kwenye stuli yangu ya wateja kama mwenye nyumba. "Ndiyo maana linahangaika. Lirudishie. Vijiko viwili vya siki, nusu glasi ya maji, asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, na jioni kabla ya kula."

"Haitanichoma?"

"Ikichoma ujue inafanya kazi."

Siki aliniletea mwenyewe. Alikuwa na dumu kubwa kwake, akanigawia kwenye chupa ya pombe kali aliyoibandua karatasi. Chupa yenyewe ile pana, yenye mabega, ambayo hata uibandue mara kumi kila mtu anajua ilitoka wapi. Sikufikiria lolote. Nikaiweka chini ya meza ya cherehani, karibu na mguu wangu, nisije nikasahau dozi.

Nilikunywa miezi mitatu. Nilipomwambia inazidi kuchoma, akasema ongeza kijiko. Nikaongeza. Nilipomwambia koo limevimba, akasema maji mengi yanaipunguzia nguvu, punguza maji. Nikapunguza. Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu timamu, ninayeweza kukuangalia ukiingia mlangoni nikakuambia bega lako gani limeshuka, nilitii kama mtoto wa chekechea. Hapo kosa ni langu na simsukumii mtu.

Siku yenyewe nilikuwa na bibi harusi. Amesimama juu ya stuli na gauni lake jeupe, mimi nimepiga magoti nazunguka pindo, pini nne mdomoni kama ilivyo kawaida yangu. Nikahisi kichefuchefu. Pini niliwahi kuzitema mkononi. Kilichofuata sikukiwahi. Ilikuwa damu, nyingine nyekundu, nyingine nyeusi kama mashapo ya kahawa, ikamwagika kwenye pindo lote la mbele. Bibi harusi akapiga yowe, mama yake akapiga jingine, na kitu cha mwisho nilichofikiria kabla sijaanguka ni kwamba kitambaa kile hakitoki doa.

Nililazwa siku tano. Daktari alikuwa mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Aliponiuliza nilikuwa natumia nini nikamwambia, akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena. "Ulikuwa unamwagia kidonda siki," akasema. Akaniuliza maswali mawili: je, nimepungua mwili bila sababu? Je, chakula kinakwama nikimeza? Nikasema hapana na hapana. "Bahati yako. Ungesema ndiyo, nisingekuwa natabasamu." Sikuwa nimeona tabasamu lolote, lakini nikamshukuru. Kisha akanipa masharti. Nisile nikainama. Nisilale na shibe. Nisivae kabisa nguo ya kubana kiuno, maana kiuno kikibanwa tumbo linasukuma asidi juu. Masharti yote niliyashika. Hilo la mwisho nililishika kuliko mengine.

Nilipotoka, kaka akaniita kwake siku ya Jumapili. Kaka yangu ni mwalimu, ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, na ndiye mtu ambaye maneno yake huwa nayasikia hata asipokuwepo. Nilimkuta na shangazi yetu, majirani wawili, na wifi amekaa katikati amejifunga kilemba cha huzuni.

"Imekuwaje, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Siki," nikasema. "Siki aliyonipa wifi ninywe."

Wifi akashika kifua. "Mimi? Wifi yangu, siki nilikuambia uoshee nywele. Mba ulikuwa umekuzidi."

Nilidhani ananitania. Nikacheka hata. Kisha nikaona hacheki.

"Uliniambia ninywe. Vijiko viwili, halafu vitatu."

"Jamani." Aliwageukia wale wengine, sauti ameishusha, imejaa huruma. "Sikutaka kulisema hili mbele za watu. Anayetapika damu sote tunajua anakunywa nini. Chupa niliiona mwenyewe chini ya cherehani. Nikasema acha ninyamaze, mjane wa watu ana upweke wake."

Nikamtazama kaka. Nilikuwa na hakika atamkemea. Kaka aliangalia sakafu, akasema taratibu, "Dada, hata mimi ile chupa niliiona."

Nilikimbia nyumbani kuitafuta, niwawekee mezani wainuse. Chumba kilikuwa kinang'aa. Wifi alijitolea kunifanyia usafi nilipokuwa nimelazwa, na chini ya meza hapakuwa na kitu, hata vumbi.

Basi nikawa mlevi. Mtaani walianza kunisalimia huku wakinusa. Mzazi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho sikuwa nimekigusa, akadai amebadilisha mawazo, na muda wote macho yake yalikuwa chini ya meza yangu. Sare za shule zikaenda kwa fundi mwingine. Nikisikia watu wananiongelea kwenye baraza la jirani, nilikuwa nasikia neno moja tu, mkono: mkono wa fundi unatetemeka siku hizi. Mkono wangu haujawahi kutetemeka. Na kaka, kaka yangu mwenyewe, akaniletea karatasi yenye anwani ya watu wanaosaidia walevi kuacha. Akanipapasa bega, akaniambia hakuna aibu katika kuomba msaada.

Nilitaka kitu kimoja tu duniani. Wifi aseme, kwa mdomo wake, kaka akisikia: nilimpa siki, nikamwambia anywe. Maneno manne. Nilikuwa nayarudia kila nikikanyaga pedali. Sikutaka anipigie magoti, sikutaka anunue hata sindano. Nilitaka ayaseme, na nilijua hatayasema kamwe, kwa hiyo nikawa nangoja nafasi ya kumuumiza kwa njia nyingine yoyote.

Nafasi akaileta mwenyewe, miezi saba baadaye, imekunjwa kwenye mfuko. Aliingia kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea baina yetu, akatandaza kitambaa mezani: kijani kizito, chenye mng'ao, cha kushonwa na mtu anayejua kazi. Kaka anastaafu, akasema. Baada ya wiki sita kutakuwa na sherehe ukumbini, walimu, wazazi, watu mia mbili, na yeye ndiye atakayetoa shukrani kwa niaba ya familia.

"Nani anaujua mwili wangu kama wewe, wifi?" Alijishika kiuno kwa mikono miwili. "Hapa linibane. Nataka nionekane."

"Nitakubana," nikamwambia.

Nadhani mmeshanielewa. Atakaa meza kuu, atakula kama wenzake, atashiba. Kisha ataitwa. Atasimama, atashika kipaza sauti, na lile gauni litakuwa limemkamata tumbo kama koleo. Nilitaka afungue mdomo na moto umpande mpaka puani. Nilitaka Mama Tiba, mwenye dawa ya kila kitu, ashike kifua na kutoka machozi mbele ya watu mia mbili, na mimi niwe nimekaa meza ya tatu na glasi yangu ya maji. Niliposhika mkasi, kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali niliimba nikikata.

Sikumpima. Mteja wa zamani hapimwi kila mara, vipimo vyake viko kwenye daftari. Kiuno chake mwaka uliopita kilikuwa inchi thelathini na nane, na viuno vya watu wa rika letu huongezeka, havipungui. Nikakata kwa thelathini na sita na nusu.

Alipokuja kujaribu mara ya kwanza nilisimama nyuma yake, nikashika zipu, nikajiandaa kusikia ikilalamika. Ikapanda bila kelele.

"Limenikaa!" akasema, akajigeuza mbele ya kioo.

Nilijiona mjinga. Nikasema moyoni hasira zimenikosesha hesabu, nimeacha nafasi kubwa kwenye mshono. Alipoondoka nikalifumua pembeni, nikalibana mpaka thelathini na tano, nikalipiga pasi mshono usionekane umeguswa.

Mara ya pili, zipu ikapanda vilevile.

Safari hii nilijua tatizo ni nini, au nilidhani najua. Futi. Futi ya kupimia ikitumika miaka mingi huvutika, kila fundi anajua, na ikivutika kila unachokata kinatoka kikubwa kuliko ulivyokusudia. Yangu nilikuwa nayo tangu kabla mume wangu hajafa. Nikaitukana. Nikaenda dukani nikanunua mpya, nikazilaza zote mbili mezani sambamba na rula ya mbao. Zililingana mstari kwa mstari. Nikahamia kwenye kitambaa: labda kinatanuka. Nikakata kipande cha masalia, nikakilowesha, nikakivuta, nikakipiga pasi, nikakipima. Hakikutanuka hata unywele. Nilikaa pale nimeudhika na kila kitu kilichokuwa mezani isipokuwa kitu chenye makosa, ambacho hakikuwa mezani. Nikalibana tena: thelathini na tatu na nusu. Hili, nikajiambia, likimwingia nitaacha ushonaji.

Likamwingia.

Alikuwa amesimama juu ya stuli, ananieleza jinsi ukumbi utakavyopambwa, na mimi nyuma yake nimeshika zipu iliyofika juu kabisa. Nikaingiza vidole kati ya kitambaa na mgongo wake. Vikapita vinne. Nikaviteremsha pembeni, nikagusa mbavu, moja, ya pili, ya tatu, nikiwa nazihisi hata kupitia bitana.

"Umepungua, wifi," nikasema.

"Eh! Umeona?" Alifurahi kweli. "Kila mtu ananiuliza siri. Maji ya moto na ndimu, na kutembea. Basi."

Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Kwa miezi saba nilikuwa namwangalia shingoni, begani, popote pasipo na macho. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Poda ilikuwa nyingi.

Nikamtengea chai na mkate, jambo ambalo sikuwa nimekusudia kumfanyia tena maishani. Alimega kipande kidogo, akakichovya mpaka kikawa uji, akakitia mdomoni. Akameza. Akainua kidevu, akasubiri. Akajigonga kifua mara mbili kwa kiganja, akameza tena na chai.

"Kimekwama?"

"Kinapita, ila polepole. Uzee huo, wifi." Mkate uliobaki akausukuma pembeni.

Nilikumbuka maswali mawili ya yule daktari, na majibu ambayo yangemfanya asitabasamu. Watu wote wa mtaa waliona mwanamke aliyependeza. Mumewe alikuwa amezama kwenye barua za kustaafu. Mimi peke yangu, niliyekuwa namuwinda kwa sindano, ndiye niliyejua kwamba kiuno kimepoteza zaidi ya inchi nne na nusu, na bado kinakwenda.

Nitasema kweli, maana nimechoka na wanaojifanya watakatifu: nilifurahi. Siku mbili nzima. Nilifagia, nilipika, nilikula taratibu nimekaa wima, na kila nikimeza chakula kikashuka bila shida nilikuwa namfikiria yeye. Sikufanya kitu, nikajiambia. Mimi kazi yangu ni nguo. Kama Mama Tiba haoni ugonjwa kwenye kioo chake mwenyewe, fundi cherehani mlevi ataonaje?

Siku ya tatu nilikuwa nashona vifungo, na fikra zikaenda mbele kidogo. Nikauona msiba wake. Nikaona watu walivyojaa, nikasikia wanavyosema. Mama Tiba wa watu, aliyetibu kila mtu akajisahau mwenyewe. Nikamwona kaka amekaa kwenye mkeka, amevunjika, na mimi naingia kumpa pole, na watu wananipisha huku wakinusa. Na yale maneno manne yanaingia naye kaburini. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuyasema. Chupa haikuwepo, shahidi hakuwepo, ulikuwepo mdomo mmoja tu, na mdomo huo ulikuwa unakaribia kufungwa milele.

Niliangusha kifungo. Wifi alikuwa anataka kunitoroka.

Asubuhi yake nilikwenda kwao kabla hawajamaliza kunywa chai. Kaka alikuwa mezani na magazeti yake, wifi anamiminia kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

"Gauni limekwisha?" akauliza. "Sherehe ni Jumamosi."

"Limekwisha. Limo kabatini, na ufunguo ninao mimi. Utalipata ukitoka hospitali."

Akacheka, akamtazama kaka, kama kusema unamwona dada yako asubuhi yote hii.

"Sijanywa kitu," nikasema. "Nisikilize. Mwaka jana kiuno chako kilikuwa thelathini na nane. Nilikata gauni dogo kwa makusudi. Ukaliingia. Nikalibana, ukaliingia. Nikalibana tena. Sasa hivi liko thelathini na tatu na nusu na mkono wangu unapita ndani. Hizo si ndimu, wifi."

"Kwa makusudi?" Birika lilikuwa bado mkononi mwake. "Ulinibana kwa makusudi kwa sababu gani?"

"Ili ushibe, usimame kuhutubia, na kiungulia kikupande mbele ya watu."

Sijui watu wengine hukiri vipi makosa yao. Mimi niliona raha.

"Umemsikia?" wifi akamwambia kaka. "Umemsikia mchawi huyu? Ndani ya nyumba yangu!"

Lakini kaka hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameweka gazeti chini, anamtazama mkewe kiunoni, kisha mikononi, kisha kwenye kikombe chake kitupu. Ni mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote, na akishaliona kosa haliachi.

"Mara ya mwisho ulikula wali lini?" akamuuliza.

"Wewe nawe!"

"Nauliza. Lini?"

Wifi akaliweka birika mezani. Aliondoa tone la chai kwa kidole, akalitazama. "Sina hamu ya wali siku hizi," akasema.

Tulikwenda siku hiyohiyo. Kaka mbele, wifi katikati, mimi nyuma, nimembebea koti. Aliniambia njiani, kwa sauti ya chini kaka asisikie, kwamba akitoka huko salama atahakikisha sipati hata pazia la kushona. Nikamwambia sawa, utoke tu.

Daktari alikuwa yuleyule. Alinitambua, akauliza tumbo langu linaendeleaje, kisha akamgeukia wifi na kuanza maswali. Una kiungulia? Umepungua? Chakula kinakwama? Tangu lini? Wifi alijibu kwa neno mojamoja, kama anayetozwa. Daktari akaandika, na kila alipoandika uso wake ulizidi kuwa mgumu. Akasema ataingiza mpira wenye kamera kooni aone kuna nini, na huenda akakata kinyama kidogo cha kupima. Wifi akamshika kaka mkono.

"Kabla ya hapo," daktari akasema, "umekuwa ukitumia nini kwa hicho kiungulia?"

"Vidonge tu. Vya dukani."

"Na nini kingine?"

"Ndimu."

"Mama, nataka kujua kooni kumepita nini. Ukinificha, unajificha wewe."

Wifi alitazama ukuta. Palikuwa na picha ya tumbo la mtu lililopasuliwa, kila kiungo na rangi yake. Aliitazama kwa muda mrefu sana kwa mtu anayejua dawa ya kila kitu. Alipofungua mdomo sauti ilikuwa imekwaruza na ndogo, sikuwahi kumsikia nayo.

"Siki," akasema. "Mwaka wa nne huu. Nilikuwa nashindwa kuacha, nilishawaambia watu wengi kwamba inaponya." Nilidhani amemaliza. "Ndiyo niliyompa huyu. Mimi ndiye niliyemwambia anywe."

Kaka akageuza kichwa. Alinitazama mimi, si yeye, na nikaona kila kitu kinapita usoni mwake kimoja baada ya kingine: ile Jumapili, ile chupa, ile karatasi yenye anwani.

Nilikuwa nimengoja miezi saba na wiki kadhaa. Nilikuwa nimesikia vizuri sana.

"Sikusikia," nikasema. "Sema kwa sauti."

"Mgonjwa asichoshwe koo," daktari akasema.

"Mara moja tu, daktari. Wifi, sema."

Wifi akanitazama. Sijui alitegemea kuona nini kwangu, lakini hakukiona. Akajikohoza, akashika shingo yake kwa vidole, akalazimisha. "Nilimpa siki. Nikamwambia anywe." Ilitoka imepasuka katikati. Akameza, na nikaona jinsi kumeza kulivyomuuma. "Na pombe?" nikauliza. "Hajawahi kunywa," akasema, machozi yanamtoka. "Chupa niliitupa mimi. Niliogopa watu wakijua hawatanijia tena."

"Basi, dada," kaka akasema. "Basi, tafadhali."

Muuguzi akafungua mlango, akamwita. Wifi akainuka, akavua heleni zake, akatafuta wa kumpa, na kwa kuwa kaka alikuwa amejifunika uso, akanipa mimi. Mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi la korido, mimi na kaka, na nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Mtu wa usafi alipita na ndoo yake akatuinulisha miguu. Baada ya muda mrefu kaka akaniomba msamaha, kwa maneno mengi, ya kimwalimu, na nikayapokea yote. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, kama sasa nimeridhika.

"Bado," nikamwambia. "Umesikia wewe tu na daktari. Kuna shangazi. Kuna wale majirani wawili. Kuna mama wa yule bibi harusi, na wazazi wa sare, na baraza zima la jirani. Apone kwanza. Ana watu wengi wa kuwaambia."

Kaka akainamisha kichwa akaanza kumwombea mkewe, midomo inacheza. Nami nikafumba macho nikamwombea. Sijawahi kumwombea mtu uzima kwa moyo mmoja kama nilivyomwombea wifi asubuhi ile, koo lipone, sauti irudi yote, aishi miaka mingi.